Unasoma Ulimwengu Gani Sasa? Tuzirudishe Nchi za Kubuni Darasani

Mpenzi msomaji, hebu kwanza nijibu swali moja kabla hatujaingia katika uhakiki wenyewe. Je, hivi sasa unasoma habari za ulimwengu gani? Simaanishi nchi iliyomo katika ramani. Namaanisha ile nchi ambayo mtunzi aliiumba kwa maneno, akaiwekea mipaka, sheria na watu, kisha akakufungulia mlango uingie. Ikiwa huna jibu, usione haya. Mimi pia, mwalimu wa Kiswahili na fasihi, niliulizwa swali hilo na wanafunzi wangu nikababaika.

Ilikuwa Jumatano alasiri, wakati wa kikao cha chama cha Kiswahili. Mgeni tuliyemwalika hakufika. Ili kujaza nafasi, niliwaambia wanafunzi kila mmoja asimame na atutajie nchi ya kubuni anayoizuru siku hizo kupitia kitabu. Nilitarajia kusikia Sagamoyo au Tomoko. Mvulana wa kidato cha tatu akasema yumo shuleni Hogwarts, mwaka wa nne. Mwenzake akasema yumo Narnia na theluji bado haijayeyuka. Msichana mmoja akataja Orïsha, nchi aliyoibuni Tomi Adeyemi katika *Children of Blood and Bone* (2018) kwa kuchota katika imani za Wayoruba. Wa nne akasema amekwama njiani na wale watu wafupi wa Tolkien wanaobeba pete, na kwamba anaogopa kufungua sura inayofuata. Walibishana, wakaonyana wasitoboleane siri za mwisho wa hadithi, wakaahidiana kuazimana vitabu. Kengele ililia na hakuna aliyeinuka.

Nilifurahi, lakini nilikuwa na donge kooni. Katika saa nzima hiyo hakuna aliyetaja nchi hata moja iliyobuniwa kwa Kiswahili. Nilipouliza sababu, mmoja alinijibu kwa adabu: "Mwalimu, hizo za Kiswahili ni za mtihani." Kisha msichana wa Orïsha akaongeza, naye akitazama chini: "Na tena Mwalimu, mimi nilipobuni yangu, ulinipa tano."

Nilikumbuka. Muhula uliotangulia alikuwa ameandika insha ya kubuni kuhusu mji ulio chini ya ziwa, ambako mgeni hutakiwa kuacha kivuli chake langoni. Niliandika kwa wino mwekundu: "Haiwezekani. Andika mambo ya kweli." Nikampa alama 5 kati ya 20. Na juma hilohilo, katika darasa la jirani, nilikuwa nikimsifu Shaaban Robert kama nguli wa fasihi yetu, mtu aliyeandika kitabu kizima kuhusu nchi inayoelea angani!

Makala haya yamezaliwa na aibu hiyo. Nakusudia kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba fasihi ya Kiswahili ina nchi za kubuni tele. Pili, kwamba namna tunavyozihakiki ndiyo inayowafukuza wasomaji. Tatu, njia inayoweza kumfaa mwalimu darasani na mtahiniwa katika karatasi ya fasihi.

Je, Kiswahili kina nchi za kubuni?

Jibu ni ndiyo, na tangu kale. Tuanze na fasihi simulizi, ambayo imo katika silabasi yetu. Fanani anaposema "Paukwa!" na hadhira ikajibu "Pakawa!", kinachofanyika pale ni kufunguliwa kwa mlango. Kabla ya fomula hiyo, fisi ni fisi. Baada yake, fisi anasema, anaoa na anakopa. Aghalabu tunawafundisha wanafunzi kwamba fomula ya ufunguzi huvuta makini ya hadhira. Ni kweli, ila si kweli yote. Fomula hiyo hutangaza pia kwamba sheria za dunia yetu zimewekwa kando kwa muda. Hurafa, visasili na hadithi za mazimwi zote hukaa nyuma ya mlango huo.

Katika fasihi andishi, wasomaji wa Kiswahili walikuwa na tafsiri ya *Alfu Lela Ulela*, na mwaka 1940 ikatoka *Elisi Katika Nchi ya Ajabu*, tafsiri ya kisa mashuhuri cha Lewis Carroll. Baada ya hapo, Shaaban Robert akatupa *Kusadikika* mwaka 1951 na *Adili na Nduguze* mwaka 1952. Ebu zitazame tarehe hizo. Kitabu cha kwanza cha Narnia kilichapishwa mwaka 1950, na juzuu ya kwanza ya *The Lord of the Rings* mwaka 1954. Kwa hiyo, nchi ya Kusadikika ni rika la Narnia, na imeizidi umri ile hadithi kubwa ya pete! Wanafunzi wangu hawakuamini nilipowaambia. Walidhani sisi tumechelewa.

Mkondo huo haukukatika. Euphrase Kezilahabi aliandika *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991), kazi ambazo mahali na wakati haviko chini ya kanuni tulizozoea. Katama Mkangi aliandika *Walenisi* (1995). Said Ahmed Mohamed aliandika *Babu Alipofufuka* (2001), ambamo mzuka wa babu unamjia mjukuu wake, K, mtu mwenye cheo, na kumtembeza katika nchi ambayo hakutaka kuiona. Kyallo Wadi Wamitila naye aliandika *Bina-Adamu!* (2002), na hapa pana jambo la kuwasisimua mashabiki wa fantasia: P.P., yule anayesakwa katika riwaya hiyo, ni Peter Pan, mvulana asiyekua aliyebuniwa na J. M. Barrie katika tamthilia iliyoigizwa London mara ya kwanza mwaka 1904. Mhusika wa ndoto za watoto wa Uingereza amechukuliwa na mwandishi wa Kenya akawa sura ya utandawazi unaochezea dunia. Je, mwanafunzi anayeijua hadithi ya Barrie hangependa kuisoma hii?

Hata vitabu vilivyowahi kutahiniwa vimejaa nchi na miji ya kubuni. Butangi ya *Kifo Kisimani*, Cheneo ya *Mstahiki Meya*, Tomoko ya *Kidagaa Kimemwozea*, Sagamoyo ya *Kigogo* na Wahafidhina ya *Chozi la Heri* hazimo katika ramani yoyote. Hata hivyo ni sharti tutofautishe. Sagamoyo ni nchi ya kubuni inayofuata sheria za dunia yetu: risasi huua, njaa huuma, na hakuna anayepaa. Kusadikika na Walenisi ni nchi ambazo hata njia ya kuzifikia ni ya ajabu. Aina ya kwanza ni mandhari ya kubuni katika uhalisia. Aina ya pili ndiyo fantasia. Mtahiniwa asichanganye mawili haya.

Tatizo liko wapi?

Tatizo, kwa maoni yangu, ni haraka yetu ya kutafsiri. Tunaingia Kusadikika mguu mmoja tu, na kabla wa pili haujatua tumekwisha kuandika ubaoni: "Kusadikika ni Tanganyika chini ya ukoloni." Wanafunzi wananakili. Mwongozo wa mtihani unasema vivyo hivyo. Baada ya hapo ya nini kuisoma hadithi? Kitendawili kimekwisha kuteguliwa kabla ya kutegwa.

Nielewe vyema. Sipingi kwamba *Kusadikika* ni istiari pana. Mwandishi alikuwa mtumishi katika serikali ya kikoloni, na alikuwa na sababu nzuri ya kusema kwa mafumbo. Majina ya majazi kama Majivuno na Karama yanatuelekeza huko waziwazi. Ninachopinga ni kudhani kwamba istiari ikifumbuliwa mara moja basi kazi imekwisha. Ingekuwa Kusadikika ni Tanganyika ya mkoloni tu, kitabu hicho kingekufa tarehe 9 Desemba 1961, siku Tanganyika ilipopata uhuru. Hakikufa. Kimesomwa Kenya na Tanzania kizazi baada ya kizazi, na kila kizazi kimemwona Majivuno wake.

Tolkien, ambaye aliandika mengi kuhusu ufundi huu, alieleza kwamba hakupenda hadithi yake ifungwe kwenye fumbo moja. Aliona ni afadhali hadithi ambayo msomaji mwenyewe anaweza kuioanisha na maisha yake, kuliko ile ambayo mwandishi amemlazimisha maana. Tofauti hiyo ina faida kubwa kwetu. Fumbo lina ufunguo mmoja ulio mkononi mwa mwandishi, au siku hizi mkononi mwa mtunzi wa mwongozo. Ulinganifu una funguo nyingi, na mmoja wao uko mfukoni mwa mwanafunzi wako.

Maswali matatu ya msafiri

Sasa tufanyeje? Napendekeza kwamba kabla ya kuuliza "Nchi hii inawakilisha nini?", tumwulize msomaji maswali matatu ambayo msafiri yeyote huulizwa.

*Umeingiaje?* Kila nchi ya kubuni ina njia yake ya kuingilia, na njia hiyo ina maana. Elisi anatumbukia katika shimo la sungura. Udadisi ndio uliomwingiza. Katika *Walenisi*, Dzombo anahukumiwa, na chombo anachotiwa ili kiwe kifo chake ndicho kinachomfikisha katika nchi ya usawa. Kwa hiyo mlango wa nchi njema ni hukumu ya nchi mbaya. Katika *Babu Alipofufuka* mambo yamepinduliwa: K haendi kuzimu, kuzimu kunamjia nyumbani. Mtahiniwa akiona tofauti hiyo, atakuwa na hoja juu ya msuko ambayo haimo katika mwongozo wowote.

*Nchi hiyo ina sheria gani, na gharama yake ni nini?* Nchi ya fantasia haikosi sheria. Ina sheria ngeni. Tazama *Adili na Nduguze*. Kila usiku Adili lazima awachape mijeledi manyani wawili. Tunakuja kujua kwamba manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa kwa sababu ya uovu wao. Sheria hiyo imewekwa na jini, na Adili akiivunja ataadhibiwa yeye. Anawachapa, kisha anawatunza kwa huruma. Mwalimu mwenzangu, sifa ya Adili tunayoiandika ubaoni, yaani "ni mwenye huruma", inatokana na wapi kama si na sheria hiyo ya ajabu? Ondoa jini na manyani, Adili anabaki mtu mwema kama wema wengine. Iache sheria mahali pake, na unapata mtu aliyenaswa baina ya wajibu na mapenzi. Maudhui hayakupakwa juu ya fantasia kama rangi. Yamo ndani yake kama mbegu ndani ya tunda.

*Umerudi na nini?* Hili ndilo swali zito. Nalo linaturudisha Kusadikika.

Wajumbe wa Kusadikika

Karama ameshtakiwa mbele ya mfalme na Majivuno. Katika kujitetea, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alikwenda, akapata shida, akaona jinsi wengine wanavyoishi, akarudi na maarifa ya kuifaa nchi yake. Na kila mmoja aliporudi alipewa adhabu badala ya shukrani.

Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi, na kwa miaka mingi niliifundisha kama "maudhui ya ukandamizaji". Lakini baada ya Jumatano ile niliisoma upya nikashtuka. Kumbe hiki ni kitabu kuhusu watu wanaosafiri kwenda ulimwengu mwingine na kurudi! Kosa la Kusadikika si ukatili tu. Ni nchi isiyotaka kusikia kwamba kuna namna nyingine ya kuishi. Na silaha ya Karama ni ipi? Hana jeshi wala mali. Anasimulia. Anawasimulia watu wa nchi moja ya kubuni habari za nchi nyingine za kubuni, na kwa masimulizi hayo anashinda kesi.

Sasa mfikirie yule msichana wangu. Alikwenda chini ya ziwa akarudi na habari kwamba kuna mji ambako mgeni huacha kivuli langoni. Sikumwuliza kwa nini kivuli. Sikumwuliza mtu asiye na kivuli huishije, wala nani huvilinda vivuli hivyo. Nilimpa tano. Nilipokuwa mtoto wa shule nilidhani kwamba ningekuwa Karama. Kumbe miaka hiyo yote darasani, nilikuwa Majivuno mwenye kalamu nyekundu.

Baadaye nilimwita nikamwuliza yale maswali. Akaniambia kwamba alikuwa amehamia shule yetu kutoka mbali, na kwamba siku ya kwanza bwenini aliambiwa aache kuongea kama kwao. Kivuli kilikuwa hicho. Mimi niliyedai "mambo ya kweli" nilikuwa nimepewa jambo la kweli nikalitupa.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema kwamba fantasia ni kutoroka maisha, na vijana wetu wana matatizo halisi ya kukabiliana nayo. Tolkien alilijibu hoja hiyo katika mhadhara wa mwaka 1939: tusimchanganye askari anayetoroka vita na mfungwa anayetamani kurudi nyumbani. Nasi tunao mfano wa hapa kwetu. Katama Mkangi aliwekwa kizuizini mwaka 1986 pasipo kufunguliwa mashtaka. Miaka tisa baadaye ilitoka riwaya yake kuhusu mtu aliyehukumiwa ambaye chombo cha kifo kilimpeleka kwenye nchi ya haki. Sisemi kwamba Dzombo ni Mkangi. Nitakuwa nimerudia kosa la haraka ninalolikemea. Nasema tu kwamba mtu aliyeyajua maisha halisi kiasi hicho hakuiona fantasia kuwa mchezo wa watoto. Isitoshe, jina la nchi yenyewe halitoroki popote. Litamke polepole: wale ni sisi.

Wapo pia watakaosema kwamba vitabu wanavyosoma vijana ni vya kigeni na vitawapotosha. Mimi nasema mwacha mila ni mtumwa, lakini pia mgeni njoo, mwenyeji apone. Msomaji wa Narnia si adui wa Kiswahili. Ni msomaji ambaye tayari ana hamu, na kazi yetu ni kumwonyesha kwamba hamu hiyo inaweza kushibishwa pia kwa lugha yake. Hatutafanikiwa kwa kumnyang'anya kitabu. Tutafanikiwa kwa kumwambia: "Umeipenda hiyo? Basi njoo nikupe nyingine iliyo angani."

Kwa mwalimu na mtahiniwa

Mwalimu mwenzangu, jaribu mambo mawili muhula ujao. Tenga dakika kumi kila juma, kila mwanafunzi aseme yumo ulimwengu gani na ajibu mojawapo ya maswali matatu. Lugha ya kitabu isikusumbue. Lugha ya mazungumzo iwe Kiswahili. Anayesimulia Hogwarts kwa Kiswahili sanifu amefanya zoezi la isimu, la tafsiri na la fasihi kwa pamoja. Pili, ikiwa swali la insha limeruhusu ubunifu, sahihisha insha ya kinjozi kwa vigezo vilevile vya mada, mtiririko, msamiati na sarufi, na uongeze kimoja: je, nchi aliyoibuni mwanafunzi inatii sheria zake yenyewe? Ikitii, usiandike "haiwezekani".

Nawe mtahiniwa, tuseme umeulizwa ueleze jinsi mandhari yanavyokuza maudhui katika kazi uliyoisoma. Jibu dhaifu litasema: "Mandhari ni ya kubuni na yanawakilisha nchi za Kiafrika." Umesema kweli, lakini hujaeleza chochote. Jibu bora litasema nchi hiyo inaingiwaje, ina sheria gani, sheria hiyo inamlazimisha mhusika gani kufanya nini, na kwa hiyo mwandishi anatuonyesha nini juu ya utawala, ndoa au mali. Toa tukio, kisha utoe maana. Usitangulize maana ukaliacha tukio nje langoni. Jihadhari pia na swali la insha: mada ikitaka barua rasmi au kumbukumbu za mkutano, usipande chombo kwenda Walenisi. Kila safari ina siku yake.

Chama chetu kimeendelea kukutana. Katika kikao kimoja cha hivi karibuni, mvulana wa Hogwarts alisimama akasema sasa yumo Ughaibuni kwa Mfalme Rai, na kwamba amefika pale manyani wanapochapwa. Mwenzake akamkataza asiseme zaidi kwa kuwa naye ndiye aliyefuata kwenye foleni ya kukiazima. Shule ina nakala moja tu, na jalada lake limeng'oka.

Ama yule msichana, aliandika upya insha yake. Mji bado uko chini ya ziwa, na mgeni bado anaacha kivuli langoni. Ila sasa yupo bawabu mzee anayevihifadhi vivuli vyote, kila kimoja na jina la mwenyewe. Nilimpa 17.

Sasa nakurudishia swali langu la mwanzo, msomaji. Unasoma ulimwengu gani?